Shukrani kwa mzee wa ganuni

Mzee wangu, shikamoo. Jina hukunipa, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani, huenda salamu zikakufikia.

Nilikuwa nimekwama na utungo wangu wa piano katika maqamu ya Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Piano ina vitufe 88 lakini robo toni, yaani sauti iliyo katikati ya vitufe viwili jirani, haina, na Rasti bila robo toni si Rasti tena. Ulinisikia kutoka barabarani, pale Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukaingia na ganuni yako, ala ya nyuzi nyingi za kudonoa, na kunishauri nihamie Nahawandi, maqamu ambayo piano inaiweza yote.

Ungeweza kuondoka hapo. Badala yake ulikaa ukanipigia taksimu, yaani muziki wa kubuni papo hapo, taratibu, ukirudia kila nilipoomba, mpaka adhana ya alasiri. Nilizitazama zile risha za kudonolea nyuzi, zilizofungwa kwa pete kwenye vidole vyako viwili vya shahada: mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unaitikia noti ileile oktavu moja chini, kwa sauti nzito zaidi, na noti haifi. Utungo wangu wote sasa umejengwa juu ya mwitiko huo. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa zawadi kubwa hivyo bila kudai chochote.

Mungu akujaalie afya. Siku nitakapoupiga mbele ya watu, kiti cha mbele ni chako; njoo na wajukuu.