Mwanangu, tafuta shirika kabla ya nyumba

Kirungu, Jumapili jioni

Mama, binti yangu,

Umesema Kinshasa utatafuta nyumba kwanza, shirika, ile jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa, baadaye. Hapo sikubaliani na wewe. Nyumba itapatikana. Lakini mjini mtu anaweza kuugua siku tatu mlango umefungwa, jirani akadhani amesafiri. Mtu wa shirika hadhani. Zamu ya sala ikifika kwako, atagonga.

Utaniambia hayo ni mambo ya wazee. Maaskofu wa Kongo waliamua kuwe na mashirika haya 1961, uhuru ukiwa bado mbichi, parokia kubwa na mapadre wachache. Waliona wakristo wakimngoja padre watangoja sana. Na huko unakokwenda, Kardinali Malula, aliyekuwa askofu mkuu wa huko, alifika mbali zaidi: kuanzia 1975 aliwakabidhi walei parokia, watu wenye wake na watoto. Wanaitwa bakambi. Ukimkuta mokambi, msalimu kwa heshima, usianze kuuliza padre yuko wapi.

Watakuambia pia Ukristo ulianzia upande wao, mfalme wa Kongo akabatizwa 1491. Ni kweli, usibishe. Wewe jibu tu kwamba mfalme walikuwa naye wao, ila Stefano Kaoze, padre mkongomani wa kwanza wa zama hizi, alipadrishwa hapa kwetu tarehe 21 Julai 1917. Tena baada ya miaka mingi ya masomo, si kama wewe uliyetaka kuacha chuo kwa ajili ya hesabu! Lakini ulimaliza, na diploma yako nimeionyesha hata kwa wavuvi.

Nirudi kwenye shirika. Mimi nilianza shule naitwa Yosefu. Mwaka 1972 Mobutu akafuta majina ya ubatizo, nikarudi nyumbani sina Yosefu. Bibi yako aliniita hivyo jikoni tu, kwa sauti ya chini, akikoroga bukari. Na kwenye sala za jirani, mlango ukishafungwa.

Kwa hiyo najua ninachosema, ingawa si mimi wa kukufundisha kuhudhuria. Mwaka ule mama yako alipougua nilikuwa Kalemie, natafuta pesa, ndivyo nilivyosema. Maji walichota wamama wa shirika. Wewe unajua nani aliwafungulia mlango.

Mbuzi amezaa mapacha, mmoja hakupona. Beseni la mama jirani nimelirudisha, limepasuka kidogo, hajaona. Mawese yako nimeyatia kwenye bidoni ya njano, kifuniko kinavuja, usiilaze. Ndagala usizifunge kwenye plastiki, zitaota ukungu kabla hujafika.

Hujasema bado utakaa mtaa gani. Mwulize mwenye nyumba shirika la hapo linasali siku gani, kabla hujamuuliza bei.

Barua ya paroko ya kukutambulisha iko ndani ya daftari lako la bluu, pamoja na cheti cha ubatizo. Daftari liwe mbali na ndagala. Uipeleke Jumapili ya kwanza, si ya pili.

Baba yako