Saa ya marehemu mjomba wako

Tanga

Kwako Salim,

Salamu nyingi. Picha nimeipata, na saa nimeitambua kabla ya kusoma ulichoandika: HMT Janata, ya India, ya kutia ufunguo. Kile kiwanda chao cha Bangalore kilianzishwa mwaka 1961 kwa kushirikiana na Citizen ya Japani. Asije mtu akakushawishi kuipaka uso upya. Madoa yale yaache.

Sasa, unasema inakwenda mbele dakika nne kwa siku na unataka kuifungua mwenyewe. Tulia kwanza. Unaitia ufunguo wakati gani? Nakujua, ni pale unapokumbuka. Kamani, ile springi inayoiendesha saa, ikilegea mwendo nao hubadilika, na hapo hujui kasoro ni ya saa au ni yako. Kila asubuhi ivue (ukiizungusha ikiwa mkononi unakisukuma upande kile kifundo cha ubavuni cha kutilia ufunguo, shina lake linaumia), kisha zungusha polepole kwa vidole viwili. Utasikia krr, krr. Usihesabu. Ikigoma, acha hapo hapo. Watu wanaogopa kuijaza hadi mwisho, bure tu. Kinachovunja ni kulazimisha baada ya kugoma.

Itie majira kwa kufuata simu, na kesho yake saa ileile andika imezidi sekunde ngapi. Fanya hivyo wiki nzima. Na usiilaze juu ya spika wala karibu na kava la simu lenye sumaku. Mimi hasa nashuku sumaku: ndani mna kamani nyingine, nyembamba kama unywele, na ikishika sumaku mizunguko yake hunatana, inakuwa kama imefupishwa, saa inakimbia. Fundi mwenye kifaa chake anaiondoa mara moja.

Kama si sumaku, ndipo asogeze kile kimkono cha kurekebishia, juu ya gurudumu linalocheza. Hilo hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani tano kila sekunde, kwa hiyo kimkono kikisogea kidogo tu tofauti ya siku nzima ni dakika kadhaa. Wewe na bisibisi yako ya redio, hapana! Aisafishe pia na kutia mafuta mapya. Ya zamani yakikauka vyuma vinalika.

Ikitulia kwenye nusu dakika kwa siku, mwambie asiiguse tena. Kwa umri wake hiyo ni saa nzuri sana.

Msalimie shangazi. Zile sekunde za wiki nzima nitumie kabla hujaenda kwa fundi.

Wako,
Hamisi