Wanafunzi wafundishwe kutafuta hitilafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa sayansi na ufundi katika shule zetu za sekondari, hasa wakati huu ambapo mkondo wa amali, yaani ule unaofundisha stadi za ufundi na kazi, ulioanza kutekelezwa Januari 2024 chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, unaendelea kukua. Wanafunzi wetu hujifunza jinsi mtambo mzima unavyofanya kazi, lakini ni nadra sana kufundishwa wafikiri vipi pale mtambo unapokataa.

Katika maabara ya Fizikia mwanafunzi huunganisha saketi kama mchoro unavyoonyesha, husoma vipimo na kuchora grafu. Ammita, yaani kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, isipoonyesha chochote, mwalimu huja, hugusa waya mmoja, hukaza kiungio, na kazi huendelea. Mimi ni mwalimu, na ninaamini kuwa dakika hizo mbili zina elimu kubwa kuliko grafu yenyewe, ila mwanafunzi hazimfaidishi, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa nini waya ule ulikaguliwa kabla ya mwingine.

Hapa Dodoma, ambako mvua huja kwa msimu mmoja tu wa mwaka, jambo hili linagusa maisha moja kwa moja. Vijiji vingi hutegemea visima virefu, na baadhi ya pampu zake huendeshwa kwa umeme wa jua. Koki zikikauka, neno la kwanza kusikika ni kwamba pampu imeungua, na mara watu huanza kuchangishana fedha za kuing'oa kisimani, kazi inayohitaji vifaa, mafundi na siku kadhaa. Lakini kati ya jua na ndoo ya mama kuna paneli, swichi, kontrola (kifaa kinachoiongoza pampu), kebo, pampu, bomba la kupandisha maji, tangi na bomba la kuyashusha hadi kituoni. Aliyefundishwa vizuri huanza kwa kuangalia tangi. Likiwa limejaa, vyote vilivyo kabla yake havina haja ya kuguswa, na tatizo litafutwe kati ya tangi na koki. Likiwa tupu, huenda kwenye kontrola na kupima kama umeme unaingia kutoka kwenye paneli, kisha kama unatoka kwenda kisimani. Kila kipimo kilichochaguliwa vyema huondoa karibu nusu ya mashaka, kiasi kwamba katika mfululizo wa sehemu 8 zenye kasoro moja, vipimo 3 hutosha kuipata, na sehemu zikiwa 16 huongezeka kipimo 1 tu.

Tena huenda pampu ni nzima kabisa. Boya la tangi likinasa juu, kontrola hupokea taarifa kwamba maji yamejaa na huizima pampu, ingawa tangi ni kavu. Wanakijiji watakaoing'oa pampu hiyo na kuirudisha watakuwa wametumia fedha zao na bado hawatapata maji.

Kufundisha haya hakuhitaji karakana ya gharama. Betri ya volti 12, taa, fyuzi, swichi, nyaya na kipimo cha umeme vilivyofungwa juu ya ubao vinatosha, na wala mwanafunzi asisogezwe karibu na umeme wa volti 230 kwa zoezi hili. Mwalimu afiche kasoro mapema: waya uliokatika ndani ya ganda lake, fyuzi iliyoungua, swichi yenye kutu, au betri iliyochoka. Hiyo ya mwisho ninaipenda kuliko zote, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha zaidi ya volti 12 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka mara tu taa inapowashwa, na hapo mwanafunzi hujifunza kwamba kipimo kisicho na mzigo, yaani kinachochukuliwa wakati hakuna kitu kinachotumia umeme, kinaweza kumpotosha. Azoeshwe kuuliza ni kitu gani kilibadilika kabla ya tatizo kuanza, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuandika kila alichopima. Aelewe pia kwamba fyuzi huungua kwa sababu fulani, na kwamba anayeweka kipande cha waya mahali pake bila kuitafuta sababu hiyo anakaribisha moto.

Walimu hufundisha kile kinachotahiniwa, na siwalaumu. Kwa hiyo ombi langu naliwasilisha kwa Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Mitihani la Tanzania: wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali watakapofika Kidato cha Nne mwaka 2027, mtihani wao wa vitendo uwe na swali la saketi yenye kasoro iliyofichwa. Mtahiniwa aandike dalili aliyoiona, alichokishuku, kipimo alichochukua, matokeo yake, na hatua aliyoamua kufuata. Najua ni vigumu kuandaa kasoro inayofanana katika kila kituo cha mtihani, na ikishindikana, apewe mchoro pamoja na jedwali la vipimo, aeleze kasoro iko wapi na angepima wapi tena ili kujiridhisha. Alama nyingi ziende kwenye mpangilio wa hatua, ili aliyepunguza eneo la kutafuta kwa hoja sahihi, hata kama muda ulimwishia kabla ya kuufikia waya wenyewe, apate zaidi ya yule aliyebahatisha jibu.

Mwalimu wa Fizikia,
Dodoma