Tapeli hahitaji namba yako ya siri

Ndugu Mhariri,

Kila tangazo la kujikinga na utapeli wa simu linaimba wimbo uleule: usimpe mtu namba yako ya siri. Watu wameshausikia na wengi wanautii. Lakini mwenye magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni anaweza kuitunza namba hiyo kama mboni ya jicho, na mzigo wake bado ukaondoka bure.

Unaondokaje? Mnunuzi anadai amelipa, na kweli simu inalia. Ujumbe una kumbukumbu ya muamala, jina, kiasi na tarehe, maana umenakiliwa kutoka ujumbe halali wa zamani ukabadilishwa tarakimu. Ila mara nyingi umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, wakati ujumbe wa kampuni huja kwa jina la huduma. Kasoro ya pili ni salio. Ujumbe halali hukutajia salio jipya, na tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi, hivyo ataliruka au atalibuni. Hata hivyo usijifanye hodari wa kusoma ujumbe. Fungua menyu mwenyewe uangalie salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Ukiambiwa "mtandao unasumbua, hela itaingia tu", gunia lisipande gari. Mtandao husumbua kweli, sisi mawakala tunaujua kuliko yeyote, lakini mnunuzi wa kweli atasubiri.

Pacha wake ni yule wa "nimekosea namba, nirudishie". Usirudishe kwa mkono wako, hata hela ikiwa imeingia. Aliyekosea kweli hupiga 100, namba ya huduma kwa wateja, na kampuni ndiyo inayorejesha muamala. Ukimtumia wewe, kisha naye akaomba ule wa awali urejeshwe, umelipa mara mbili.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni usajili wa laini. Unaweka kidole kwenye mashine, msajili anasema haijasoma, weka tena, na tena. Inawezekana haijasoma kweli: vidole vya wavuvi na wanaopara samaki vimechubuka, mashine huvikataa. Lakini inawezekana pia kila kidole kilichokubaliwa kimefungua laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Kwa hiyo kabla ya kuweka kidole mara ya pili, taka kuiona skrini. Ukifika nyumbani piga *106#, halafu fuata maelekezo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, za mtandao wako na za mitandao mingine. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni yenye namba hiyo waifute. Kazi hiyo usimwachie msajili wa chini ya mwavuli.

Na kitambulisho chenyewe kinasema mengi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa fikiria ni wangapi wamefanya mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya tarakimu 4! Mtu wa namna hiyo akisahau kopi yake steshenari, kisha simu ikaporwa stendi ya Nyegezi, mwizi hana cha kubahatisha. Badilisha namba hiyo leo. Weka pia PIN kwenye laini yenyewe, kupitia mipangilio ya usalama ya simu, ili laini ikihamishiwa simu nyingine isifunguke. Ikikosewa mara 3 itadai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyojifunga, kwa hiyo kadi iliyokuja na laini usiitupe. PUK nayo ikikosewa mara 10, laini imekufa.

Ukishatuma hela kwa tapeli, piga 100 dakika hiyohiyo, maana ambayo hajaitoa inaweza kuzuiwa. Halafu nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Ujumbe wake uelekeze 15040, utajibiwa uandike namba aliyoitumia. Na anayejiita huduma kwa wateja huku namba yake si 100, kata simu, hakuna haja ya kubishana naye.

Wavuvi wa dagaa wa Ukerewe na Kome wala hawatakosa nafasi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa na mitumbwi inalala ufukweni. Usiku kama huo, *106# haimalizi dakika 5.

Mawakala wa huduma za fedha kwa simu,
Kirumba, Mwanza.