Jiwe la shamba la juu

Kapchorwa, 9 Juni

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mama anauliza utarudi lini kula ndizi zake.

Unalikumbuka lile jiwe la shamba la juu ulilojikwaa? Siku ile ncha yake tu ndiyo iliyoonekana. Sasa naketi juu yake kama kigoda. Miaka sita tu, ndugu yangu, na udongo wote uliolifunika umeshuka mtoni.

Aprili mvua ya usiku mmoja ilizoa mahindi yaliyokuwa na majani manne, pamoja na mbolea. Asubuhi nilishuka mtoni, nikakuta maji rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama pale nikilitazama shamba letu likipita.

Ndipo nikakumbuka mitaro ya fanya juu ya kwenu Machakos. Nimechimba mitaro mitatu ya kukata mteremko, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo nikiutupa upande wa juu uwe tuta. Wengi hapa huutupa upande wa chini kwa kuwa mkono hauchoki sana, lakini hapo mtaro ndio unaojaa tope, na mteremko unabaki ulivyo. Tuta likiwa juu, maji yanakwama nyuma yake na kuacha udongo palepale. Tayari naona mchanga laini umejikusanya, na nilipoushika nilifurahi sana.

Mitaro miwili niliipima usawa kwa miti iliyofungwa kama herufi A, kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Wa tatu niliuchimba kwa macho, maana mvua ilikuwa inakuja. Huo ndio uliopasuka. Maji yalikimbilia upande mmoja, yakabomoa tuta, yakachimba korongo mpaka kwenye kahawa ya Mama. Nitauchimba upya, safari hii kwa kupima.

Kuna kipande kimoja sikigusi, kile kilichosimama wima nyuma ya nyumba. Bududa si mbali na hapa, na tangu Machi 1, 2010, mlima ulipoporomoka na kuzifunika nyumba za kijiji cha Nametsi, mvua ikizidi usiku hatulali. Poromoko la namna ile hutoka ndani kabisa, udongo ukishashiba maji, na mtaro mahali kama pale ungezidi kuyaingiza. Nimepanda miti tu, na ng'ombe nimewahamisha.

Sasa nina ombi. Matuta yangu yako uchi, na mvua za Agosti zitayakuta hivyohivyo. Nimeanza na matete, yanashika vizuri na ng'ombe wanayala, ila yanatambaa kuingia kwenye maharagwe. Baba yako alipanda majani ya makarikari kwenye kingo zake. Muulize kama yatastahimili baridi ya huku, na alipanda kwa nafasi gani. Akisema yatafaa, mpe dereva wa Mbale gunia la vipandikizi, vifungwe kwenye majani mabichi visikauke njiani. Nauli nitamlipa akifika.

Wasalimie wazee.

Nduguyo wa Kapchorwa