Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: waajiriwe wale akina mama

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote. Nilishajiambia ninyamaze kama wengine lakini kile niliona wiki iliyopita pale kliniki kimenimaliza.

Mimi ni mama mboga, naishi na virusi vya ukimwi, na hizi dawa za kuvizuia, ARV, nilianzishwa nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Huyo mtoto saa hii yuko sekondari, hana virusi, mzima kabisa, na dawa zilizomkinga zilinunuliwa na pesa ya Wamarekani, ule mpango wao wa ukimwi, PEPFAR, ulioanza 2003. Siwezi kuwasema vibaya. Lakini Januari 20, 2025 rais wao akatia sahihi misaada isimamishwe siku 90, na huku kwetu mlango wa CCC, ile kliniki yetu sisi wenye virusi, ukapigwa kufuli. Wale akina mama washauri, wenye wanaishi na virusi kama sisi, wenye ukikosa kliniki walikuwa wanakupigia simu na kuja mpaka nyumbani bila jirani kujua, wakaambiwa waende, eti mshahara ulikuwa wa mfadhili.

Sasa tumechanganywa na wagonjwa wote wa OPD, wale wa kutibiwa na kurudi nyumbani. Mnasema ndio mpango, huduma zote pahali pamoja, sawa. Lakini wiki iliyopita karani alisimama mbele ya laini akaita kwa sauti, "Wa ARV wapite upande huu!" Kulikuwa na msichana mdogo hapo mbele yangu, mtoto mgongoni, akavuta leso akajifunika uso akatoka kwa geti bila dawa. Nani atamfuata? Mama mshauri angekuwa ameshampigia kabla jioni haijafika. Akiacha dawa virusi vinapanda, na akiwa ananyonyesha huyo mtoto anaweza kuambukizwa, halafu mtakuja kusema watu wa mashinani hawataki kumeza dawa.

Mheshimiwa, serikali ilijua. Moi alitangaza ukimwi janga la kitaifa 1999. Aprili 2001 viongozi wa Afrika wakaketi Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya, na tangu hapo bajeti inasomwa kila mwaka na hiyo 15 hatujaiona. Labda mlidhani wafadhili hawatachoka, ama pesa inapotelea njiani, mimi sijui, ninachojua ni kwamba pesa ya magari makubwa haijawahi kukosa. Kazi ya kumkinga mtoto wa Kenya asiambukizwe ikaachiwa mlipa kodi wa Marekani.

Na Disemba 4, 2025 mkasaini mkataba mwingine wa afya hukohuko Washington, wao watoe hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano na Kenya iongeze dola milioni 850 zake. Hizo milioni 850 ndizo nauliza. Zitafika kwetu lini, na zitafika kama nini?

Siombi hospitali mpya. Waajiriwe wale akina mama, kwa pesa ya Kenya, na wapewe chumba kimoja chenye mlango. Na mwenye yuko sawa apewe dozi ya miezi mitatu kama zamani, maana hii ya mwezi mmoja mmoja nafunga kibanda siku nzima, nalipa matatu, na mboga zinanyaukia hapo. Lakini kama ni lazima nichague kimoja, basi ni hao akina mama. Mshahara wao haukuwa mkubwa. Wako, hawajahama, namba zao tunazo. Tafadhali Mheshimiwa, waajiriwe, na mwaka huu wa fedha usiishe kabla hawajarudi kazini.

Wako kwa heshima,
Mama mboga, Nyanza