Mwanangu, lisome jalada

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba umefaulu mitihani ya uwakili na sasa unangoja kuapishwa. Nimefurahi mno, hongera sana. Lakini mama yako amekaa kwenye meza ya karani wa mahakama muda mrefu, na ameiona kazi hii kwa upande ambao vitabuni haumo. Nisipokwambia mimi, sijui ni nani atakayekwambia.

Watu husema mawakili ni waongo na wezi. Wapo wa namna hiyo, na baadhi yao hufikia kuondolewa kwenye orodha ya mawakili. Wanaoniumiza moyo zaidi ni wale wanaoingia mahakamani bila kulisoma jalada la kesi. Kesi ikiitwa, wakili anasimama, anapekua karatasi pale pale, anamwinamia mteja kumuuliza jina lake, kisha anaomba shauri liahirishwe. Hakimu anapanga tarehe nyingine. Wakili anainamisha kichwa kwa heshima, anakwenda zake. Mteja anarudishwa rumande, akakae tena mbali na wanawe. Wala halalamiki, maana yote yamesemwa kwa lugha ya kisheria, naye anadhani ndivyo sheria ilivyo.

Ukitaka kuona wakili ana thamani gani, soma kesi ya Clarence Earl Gideon wa Florida, Marekani. Mwaka 1961 alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba. Hakuwa na fedha. Akaomba mahakama impe wakili, akaambiwa sheria ya jimbo hilo inawapa tu wenye mashtaka ya adhabu ya kifo. Akajitetea mwenyewe kadiri alivyoweza, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani alichukua penseli akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1963 majaji wote kwa kauli moja wakasema mshtakiwa maskini mwenye kosa kubwa lazima apatiwe wakili. Kesi ikaanza upya, safari hii akiwa na wakili aliyeichunguza kabla na kumbana shahidi mkuu kwa maswali. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, ikamwachia huru. Shtaka lilikuwa lile lile na shahidi yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu aliyejiandaa.

Upo na upande wa pili, nao unanitisha zaidi. Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya watu waliosimamia posta ndogo walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu kompyuta za mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon zilionyesha upungufu wa fedha. Wengi walishtakiwa na shirika la posta lenyewe, na wengine walifungwa. Mwaka 2013 mwanasheria mmoja aliyelifanyia kazi shirika hilo aliandika ushauri kwamba shahidi wao mtaalamu alizijua kasoro za mfumo na hakuzitaja mahakamani. Karatasi hiyo haikuwafikia wale waliohukumiwa mpaka mwaka 2020. Hebu fikiri, mwanangu: miaka 7! Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu 39 kwa mkupuo mwaka 2021, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta zilizobaki kwa wingi. Wapo waliokwisha kufa wakiitwa wezi. Karatasi ile ilipita mikononi mwa watu waliosoma sheria kama wewe.

Kwa hiyo ukiwa upande wa mashtaka na ukakuta karatasi inayomsaidia mshtakiwa, itoe siku hiyo hiyo, hata mkubwa wako akikukunjia uso. Ukiwa upande wa utetezi, nenda rumande ukaongee na mteja kabla ya siku ya kesi. Mweleze kwa lugha anayoijua kinachomkabili, halafu mwache akuulize. Mara nyingi jambo linaloigeuza kesi analo yeye, hajui tu kama lina maana.

Na ndugu wataanza kukuletea mashauri yao, hilo lijue mapema. Usiyapokee kwa kuona haya. Ukiona huna nafasi ya kulisoma shauri la mtu, mwambie siku hiyo hiyo aliyokuja, na kama amekwisha kukulipa mrudishie fedha zake zote, atafute mwingine kabla tarehe haijamkuta.

Mama yako akupendaye.